Seva ikikutajia prosesa usiyoitambua: dalili, vyanzo na tiba

Muuzaji wa Kariakoo amesema, "Bosi, hii ina core 56." Dashibodi ya ufuatiliaji inaonyesha prosesa 28. Ukiingia kwenye seva ya Linux na kuandika lscpu, amri ya kuorodhesha prosesa, unaona 56, na programu iliyo ndani ya kontena (chumba cha programu kinachotumia kerneli ya seva yenyewe) inajiendesha kana kwamba zote 56 ni zake, ingawa imepewa 2 tu. Hapo ndipo lawama zinapoanza kuzunguka: muuzaji anashukiwa wizi, fundi anashukiwa hajui kazi, na mfumo endeshi unafutwa na kuwekwa upya bila sababu.

Mara nyingi hakuna aliyedanganya. Ripoti ya vifaa haina maana mpaka ujue nani aliulizwa. Programu haifungui kasha la seva ikatazama ndani. Inauliza, na wa kuulizwa ni wanne: prosesa yenyewe, BIOS (programu ya madabodi inayoiwasha seva), kerneli (moyo wa mfumo endeshi), na penye mashine pepe, yaani kompyuta ya bandia ndani ya seva, haipavaiza, programu inayoibeba mashine hiyo. Kila mmoja anajibu swali lake. Fundi anayejua jibu limetoka kwa nani hupata chanzo haraka, na mteja wake haponzwi kununua kifaa asichokihitaji.

Wanne wanaojibu

Prosesa huulizwa kwa amri ya mashine iitwayo CPUID, ambayo prosesa za x86 (jamii ya Intel na AMD) zimekuwa nayo tangu Pentium ya mwaka 1993. Hujibu kwa namba: mtengenezaji ("GenuineIntel" au "AuthenticAMD"), familia, modeli, orodha ya uwezo, halafu jina la kibiashara lenye nafasi ya herufi 48. Jina kama "Intel(R) Xeon(R) CPU E5-2680 v4 @ 2.40GHz" ni maandishi yaliyohifadhiwa tu. Ile 2.40GHz haijapimwa na yeyote wakati unaisoma.

BIOS nayo hujaza jedwali liitwalo SMBIOS kila seva inapowaka: aina ya mashine, serial namba, soketi za prosesa, nafasi za RAM na kilichochomekwa kila nafasi. dmidecode husoma jedwali hilo. Ubora wake unategemea uangalifu wa aliyetengeneza madabodi.

Kerneli huhesabu ilichofanikiwa kukiwasha na kukitumia, kisha hukiweka kwenye /proc/cpuinfo na chini ya /sys. lscpu na programu nyingi za ufuatiliaji hukusanya kutoka huko. Kwa hiyo kitu kinaweza kuwepo kwenye jedwali la BIOS na kisiwepo kwa kerneli. Tofauti hiyo ni ya thamani sana kwa mtafuta chanzo, tutairudia.

Haipavaiza hukaa katikati. Mashine pepe ikiuliza CPUID, haipavaiza hulidaka swali na kujibu kwa niaba ya prosesa. Jedwali la SMBIOS pia hulitunga yenyewe. Inaweza kusema lolote iliyoamriwa kusema.

Ndiyo maana amri ya kwanza, kabla hata ya lscpu, iwe hii:

systemd-detect-virt

Ikijibu none, uko kwenye chuma chenyewe. Ikijibu kvm, vmware au microsoft, uko ndani ya mashine pepe. Ikijibu docker au lxc, uko ndani ya kontena. Usichanganyikiwe na mstari wa lscpu unaosema "Virtualization: VT-x". Huo unamaanisha prosesa ina uwezo wa kubeba mashine pepe. Unaokuambia kwamba wewe mwenyewe umebebwa ni "Hypervisor vendor".

Dalili: idadi ya "core" hailingani na uliyoambiwa

Chukua mfano wa seva ya soketi 2 yenye E5-2680 v4, prosesa ya mwaka 2016 ambayo seva zake ni nyingi kwenye soko la mitumba. Kila prosesa ina viini 14 (core), na kila kiini kinaendesha nyuzi 2 (thread, mikondo ya kazi). lscpu itaandika hivi:

CPU(s): 56
Thread(s) per core: 2
Core(s) per socket: 14
Socket(s): 2

Muuzaji amesoma mstari wa kwanza. Viini halisi ni 28, na zile 56 ni nyuzi. Nyuzi 2 zinagawana vifaa vya kiini kimoja, hivyo uzi wa pili huongeza kazi kidogo tu, si maradufu. Ukinunua seva kwa ajili ya hifadhidata nzito au leseni inayolipiwa kwa kiini, jadili bei kwa viini 28, na mwombe muuzaji awashe mashine usome mistari yote minne mbele yake. Hili si jambo la kumwonea haya. Fedha ni za mteja.

Ukiona 28 mahali ulipotarajia 56, soma "Thread(s) per core". Ikiwa ni 1, nyuzi zimezimwa, ama kwenye BIOS ama na kerneli. Faili hii hukuonyesha:

cat /sys/devices/system/cpu/smt/control

Jibu off au forceoff humaanisha mfumo endeshi ndio uliozizima, mara nyingi kwa neno nosmt kwenye mistari ya kuwasha kerneli. Baada ya udhaifu wa Meltdown na Spectre kutangazwa Januari 2018 na mwingine wa jamaa hiyo kufuata, wasimamizi wengi walizima nyuzi makusudi kwa ajili ya usalama. Uliza kabla ya kuzirudisha. Jibu likiwa notsupported kwenye prosesa unayojua ina nyuzi 2 kwa kiini, nenda BIOS.

Ikiwa Thread(s) per core ni 2 lakini Socket(s) ni 1, hilo ni tatizo lingine kabisa.

Dalili: nusu ya prosesa na nusu ya RAM vimepotea pamoja

Dalili hizi mbili zikija pamoja usihangaike na programu. Kwenye seva hizi kidhibiti cha RAM kimo ndani ya prosesa, na kila prosesa ina nafasi zake za RAM. Prosesa ya pili isipowaka, RAM iliyo upande wake haionekani, na baadhi ya nafasi za kadi za PCIe nazo hufa. Mtu anaweza kubadilisha RAM mchana kutwa bila kupata kitu.

Iulize BIOS:

dmidecode -t 4

Kila soketi itajitaja. "Status: Unpopulated" humaanisha BIOS haioni prosesa pale. Kama kwa macho yako prosesa ipo, izime seva, uitoe, ukague pini za soketi kwa mwanga mzuri na kioo cha kukuzia. Seva zilizosafirishwa kwa meli kisha zikapakuliwa na kupakiwa tena huja na pini zilizolala. Pini moja iliyopinda inaweza pia kupoteza njia moja tu ya RAM, ukabaki na prosesa zote na upungufu wa moduli moja au mbili. Ikiwa BIOS inaiona prosesa lakini kerneli haiioni, angalia kama kuna maxcpus= kwenye /proc/cmdline, kisha linganisha faili present na online ndani ya /sys/devices/system/cpu.

Dalili: prosesa ya 2.40GHz inaripoti 1200MHz

Huu ni mkanganyiko unaomaliza muda wa mafundi wengi. Mstari wa "cpu MHz" ndani ya /proc/cpuinfo unaonyesha kasi ya sasa hivi, na prosesa isiyo na kazi hujishusha ili isile umeme bure. E5-2680 v4 hushuka hadi 1.2GHz na hupanda hadi 3.3GHz. Kusoma 1200 kwenye seva iliyotulia ni afya.

Ipe kazi kwanza, kisha usome:

stress-ng --cpu 0 --timeout 120s
grep MHz /proc/cpuinfo

Amri ya pili iendeshe kwenye dirisha lingine wakati ya kwanza inakwenda. Ikipanda na kubaki juu, funga shauri. Ikikataa kupanda tangu mwanzo, tafuta mpangilio wa umeme kwenye BIOS uliowekwa kubana matumizi, au governor (kanuni ya kerneli ya kupanga kasi) ya powersave kwenye dereva wa kasi asiye intel_pstate (kwenye intel_pstate jina hilohilo la powersave huruhusu kupanda, kwa hiyo jina peke yake lisikutishe). Angalia pia pawa saplai. Baadhi ya seva hupunguza kasi zenyewe pawa saplai moja kati ya mbili ikifa.

Ikipanda kisha ikaporomoka baada ya sekunde kadhaa, ni joto. Hapa Dar es Salaam ningeanza kushuku joto kabla ya kitu kingine chochote, hasa kati ya Desemba na Machi. Kernel huandika jambo hili waziwazi:

dmesg | grep -i throttled
cat /sys/devices/system/cpu/cpu0/thermal_throttle/core_throttle_count

Faili ya pili ipo kwenye prosesa za Intel, nayo huhesabu mara ambazo kiini kimepunguziwa kasi kwa sababu ya joto tangu seva iwake. Namba ikiongezeka wakati wa jaribio, umepata chanzo. Zima seva, safisha vumbi kwenye feni na mapezi ya shaba au alumini, ondoa pesti ya joto iliyokauka na upake mpya.

Kuna chanzo kimoja cha joto ambacho vipimo vya mchana havikionyeshi. Ofisi nyingi mjini, kuanzia Posta hadi Mikocheni, zimeunganisha seva kwenye UPS, lakini kiyoyozi cha chumba cha seva hakimo kwenye UPS hiyo. Umeme ukikatika usiku, seva inaendelea kufanya kazi ndani ya chumba kilichofungwa, kisicho na hewa. Asubuhi kila kitu ni baridi tena na mtumiaji anachokumbuka ni kwamba ripoti ya usiku ilichelewa. Kumbukumbu za kidhibiti cha mbali ndani ya seva huwa zimeandika. Zisome kwa ipmitool sel list, ulinganishe saa zake na saa umeme ulipokatika.

Ndani ya mashine pepe sahau kipimo hiki. MHz unayoiona humo kwa kawaida ni namba moja isiyobadilika. Humo tazama safu ya st kwenye amri ya top: ni muda ambao mashine pepe yako ilitaka prosesa ikanyimwa kwa kuwa wengine walikuwa wanaitumia. VPS (mashine pepe ya kukodi) ya bei rahisi inaweza kuripoti prosesa 4 kwa ukweli kabisa, na st ikakuonyesha kwamba hupati hata mbili.

Dalili: jina la prosesa ni geni, au programu inakufa kwa "Illegal instruction"

"QEMU Virtual CPU version 2.5+" na "Common KVM processor" si prosesa zinazouzwa dukani. Ni vinyago ambavyo haipavaiza huvivalisha mashine pepe ili iweze kuhamishwa kutoka seva moja hadi nyingine hata kama prosesa zake hazifanani. Lengo ni jema, gharama yake ni flagi, yaani majina ya uwezo wa prosesa, zinazofichwa. Uwezo ambao prosesa ya chini inao, mashine pepe haiuoni.

Matokeo yake hufika kwa sura tofauti. Hifadhidata ya MongoDB kuanzia toleo la 5.0 inahitaji flagi ya AVX. Isipoipata inakufa mara tu ikianzishwa na neno "Illegal instruction". RHEL 9, Linux ya Red Hat, na ndugu zake, AlmaLinux 9 na Rocky Linux 9, zinahitaji kiwango cha x86-64-v2, na zisipokipata zinasimama na ujumbe "Fatal glibc error: CPU does not support x86-64-v2". Ikikosekana flagi ya aes, ya usimbaji fiche, hakuna ujumbe wowote, ila tovuti yenye HTTPS na njia za VPN zinakuwa nzito, prosesa inapanda, na hakuna anayeelewa kwa nini.

Angalia uwezo unaotangazwa:

grep -o -w -E 'aes|avx|avx2|sse4_2' /proc/cpuinfo | sort | uniq -c
/lib64/ld-linux-x86-64.so.2 --help

Amri ya pili, kwenye glibc (maktaba ya msingi ya Linux) 2.33 na kuendelea, huorodhesha viwango vya x86-64 na kukuambia kipi kinakubalika. Endesha amri zilezile kwenye seva mwenyeji, ile iliyobeba mashine pepe. Ikiwa mwenyeji anazo flagi na mashine pepe haina, tatizo ni kinyago. Kwenye Proxmox badilisha aina ya CPU iwe host. Kwenye libvirt weka mode='host-passthrough'. Kisha izime mashine pepe kabisa na kuiwasha upya kutoka nje. Kuandika reboot ndani yake hakutoshi, kwa sababu mchakato wa QEMU, programu inayoiendesha mashine pepe, unabaki uleule na unaendelea kujibu kama mwanzo. Hapa ndipo wengi wanapodhani mabadiliko hayakufanya kazi. Kama una seva kadhaa zisizofanana na unahamisha mashine pepe kati yake, usitumie host. Chagua kinyago cha kiwango ambacho seva zote zinakifikia, mfano x86-64-v2-AES.

Ikiwa hata mwenyeji hana flagi, hakuna mpangilio utakaoziumba. Hili lijue kabla ya kutoa fedha: E5-2600 ya kwanza na v2 zina AVX lakini hazina AVX2, na v3 na v4 zinazo zote mbili. RHEL 10 inataka x86-64-v3, ambayo ndani yake kuna AVX2. Seva ya v2 inayoonekana nafuu leo imeshafungiwa mlango huo.

Je, kama uko kwenye chuma na jina bado ni geni? "Genuine Intel(R) CPU 0000" ni alama ya prosesa ya majaribio, zile ambazo Intel huwapa watengenezaji kabla bidhaa haijatoka rasmi na ambazo hazikukusudiwa kuuzwa. Inaweza kufanya kazi vizuri, inaweza kugoma na BIOS fulani. Mimi nisingeiweka kwenye seva ya mteja. Na jina likikutia shaka, soma namba ya modeli kwenye lscpu: kwa familia ya 6, modeli 45 ni E5-2600 ya kwanza, 62 ni v2, 63 ni v3, 79 ni v4. Namba hizi hupita uzushi wa stika iliyobandikwa kwenye kasha.

Kwenye seva za ARM, /proc/cpuinfo haina jina la kibiashara kabisa. Ina namba tu, kama implementer 0x41 na part 0xd0c, na lscpu huzitafsiri kwa orodha yake ya ndani kuwa Neoverse-N1. lscpu ya zamani itabaki na namba. Hakuna kilichoharibika, sasisha kifurushi cha util-linux.

Dalili: kontena inaona seva nzima

Kontena haina kerneli yake. Inatumia ya mwenyeji, na /proc/cpuinfo yake ni ileile ya mwenyeji. Ukiandika docker run --cpus=2 kwenye seva ya nyuzi 56, ndani utaona 56. Ulichoweka hapo ni kikomo cha muda: katika kila milisekunde 100, michakato yote ya kontena ikijumlishwa haiwezi kutumia zaidi ya milisekunde 200 za prosesa.

Madhara yake ni makubwa kuliko mkanganyiko wa namba. Programu inayojipanga kwa idadi ya prosesa, kama nginx (programu ya kuhudumia tovuti) yenye worker_processes auto, hufungua wafanyakazi 56. Wote wanagombania mgao wa 2, wanaumaliza mapema, kisha kontena nzima inasimamishwa hadi kipindi kifuatacho. Mtumiaji anaona kurasa zinazokwamakwama huku grafu ya prosesa ya seva ikiwa chini kabisa. Mkanganyiko huo wa grafu iliyotulia na mfumo unaokwama ndio utambulisho wake.

Ukweli wa kontena usome hapa:

cat /sys/fs/cgroup/cpu.max
cat /sys/fs/cgroup/cpu.stat
cat /sys/fs/cgroup/memory.max

"200000 100000" kwenye faili ya kwanza ni prosesa 2. "max 100000" ni kwamba hakuna kikomo. Kwenye faili ya pili tazama nr_throttled. Ikiwa inakua, kontena inabanwa. Mifumo ya zamani inayotumia cgroup v1 (cgroup ni utaratibu wa kerneli wa kuweka vikomo) huweka habari hizo kwenye cpu.cfs_quota_us.

Tiba ni kuiambia programu idadi wewe mwenyewe: worker_processes 2 kwa nginx, GOMAXPROCS=2 kwa programu za Go zilizojengwa kwa matoleo ya kabla ya 1.25. Java ilianza kuheshimu mipaka ya kontena kwenye JDK 10, na uwezo huo ukarudishwa kwenye 8u191. Chini ya hapo Java hujipimia RAM ya mwenyeji, hukua, kisha kerneli huiua. Kama bado una mfumo wa zamani wa Java 8 ndani ya Docker unaokufa bila kuacha kosa kwenye kumbukumbu zake, anza na toleo lake. Njia nyingine ni --cpuset-cpus=0,1, ambayo hubana kwa prosesa zenyewe badala ya muda. Hiyo amri ya nproc huiona, lakini unapoteza unyumbufu wa kugawana.

Dalili: Windows inaona prosesa zote, programu inatumia moja

Kipengele hiki nakiandika kwa ajili ya ofisi nyingi zinazoendesha mifumo ya uhasibu juu ya SQL Server Express, toleo la bure la hifadhidata ya Microsoft. Express inaruhusiwa kutumia soketi 1 au viini 4, kile kilicho kidogo. Ukitengeneza mashine pepe yenye prosesa 4 ukazipanga kama soketi 4 za kiini kimoja kimoja, Task Manager itaonyesha 4, na SQL Server itatumia kiini 1. Windows 10 Pro na 11 Pro nazo zinakomea soketi 2, hivyo soketi 8 za kiini kimoja zinakuwa 2.

Uliza hivi kwenye PowerShell:

Get-CimInstance Win32_Processor | Select Name,NumberOfCores,NumberOfLogicalProcessors

Mstari mmoja ni soketi moja. Ukiona mistari minne, zima mashine pepe, ipange soketi 1 yenye viini 4, iwashe. Haigharimu hata shilingi, na tofauti mhasibu ataiona siku hiyohiyo. Skripti za zamani zinazotumia wmic zibadilishe pia, Microsoft inaiondoa, na kwenye Windows mpya skripti hizo hurudisha ripoti tupu.

Dalili: jana iliripoti hivi, leo vile, na katikati umeme ulikatika

Shuku betri ya BIOS, kidude cha CR2032. Ikiisha, umeme ukikatika kabisa BIOS husahau mipangilio yake na kurudi ilivyotoka kiwandani. Nyuzi zinaweza kubadilika, uwezo wa mashine pepe kuzimika (dmesg itasema "kvm: disabled by bios"), na saa kurudi nyuma miaka. Saa iliyorudi nyuma ndiyo shahidi mzuri: vyeti vya HTTPS vinakataliwa, apt inasema faili za hazina bado hazijaanza kutumika. Badilisha betri, panga upya BIOS, na upige picha kila ukurasa wa mipangilio hiyo kwa simu.

Dalili: ripoti ina nafasi tupu au maneno ya ajabu

"To Be Filled By O.E.M.", "Default string" na "System Product Name" ni nafasi ambazo mtengenezaji wa madabodi aliziacha bila kujaza. Hakuna programu itakayozijaza kwa usahihi, na usitumie serial namba ya aina hiyo kutambulisha mashine kwenye orodha ya mali za ofisi, kwani mashine kumi zinaweza kuwa na ileile. Tumia anwani ya MAC.

Lakini ikiwa wewe ukiuliza kama root (mtumiaji mwenye ruhusa zote) unapata serial namba na dashibodi haipati, ni ruhusa. Jina la mashine kwenye /sys/class/dmi/id/product_name husomwa na yeyote, product_serial ni root peke yake. Wakala, programu ndogo inayoitumia dashibodi ripoti, kama wa Zabbix, hukimbia kwa mtumiaji wake mdogo, na inapaswa kubaki hivyo. Usimpe uroot. Mwandikie kazi ya cron (ya ratiba) inayokimbia kama root, isome namba mara moja kwa siku na kuiweka kwenye faili anayoruhusiwa kuisoma.

Kifaa kinachotajwa na lspci kama "Device 1533" bila jina hakijaharibika. Orodha ya majina ndiyo ya zamani, na update-pciids hutosha. Cha kujali ni lspci -k: mstari wa "Kernel driver in use" usipokuwepo, kadi haina dereva.

RAM na diski, kwa kifupi

RAM ya 16GB kuonekana 15Gi kwenye free -h ni kawaida, kerneli hujikatia sehemu yake. Ikikosekana moduli nzima, linganisha na dmidecode -t 17. Kama BIOS inazitaja zote na kerneli inaona nusu kamili, tafuta hali ya kioo kwenye BIOS, ambapo kila data huandikwa mara mbili na nusu ya RAM hutumika kama nakala. "Configured Memory Speed" kuwa chini ya "Speed" humaanisha prosesa au wingi wa moduli umeishusha kasi, siyo kwamba RAM ni bandia.

Diski ya 1TB ni 931GiB, na tofauti ni ya vipimo tu. Seva yenye kidhibiti cha RAID (kinachounganisha diski kadhaa kuwa moja) huonyesha diski moja ya bandia mahali palipo na sita. Zifikie halisi kwa smartctl -a -d megaraid,0 /dev/sda, ukibadilisha namba. Kwa diski za mtumba soma saa zilizofanya kazi: mwaka mmoja wa kuwaka mfululizo ni saa 8,760.

Dalili: dashibodi na seva haviafikiani

Umeshathibitisha kwenye seva, dashibodi bado inasema 28. Kwanza jua neno lake linahesabu nini. Kwenye Ansible, zana ya kusimamia seva nyingi, ansible_processor_count ni soketi, ansible_processor_cores ni viini kwa kila soketi, na ansible_processor_vcpus ni nyuzi zote. Kwa seva yetu ni 2, 14 na 56, na zote ni sahihi. 28 ya dashibodi huenda ni 2 mara 14. Kwenye Prometheus, mfumo wa ufuatiliaji, jina la prosesa halitokei kabisa mpaka wakala wake node_exporter ianzishwe na --collector.cpu.info.

Pili, angalia umri wa jibu. Habari za vifaa hazibadiliki mara kwa mara, kwa hiyo mifumo mingi huzihifadhi kwa saa au siku nzima kabla ya kuuliza tena. Ansible yenye hifadhi ya facts (habari za seva ilizokusanya) itakupa jibu la wiki iliyopita bila kusita. Iendeshe kwa --flush-cache, au ulazimishe wakala kuuliza upya. Namba ikibaki ileile baada ya hapo, kagua kama wakala mwenyewe amefungwa ndani ya kontena, ambako ataripoti kile ambacho kontena hiyo imeruhusiwa kukiona.

Tatu, ukiwa na seva zilizonakiliwa kutoka mashine pepe moja, hakikisha kila moja ina jina lake kwa wakala. Mbili zikitumia jina moja, zinaandikiana juu, na dashibodi inabadilika kila dakika kufuatana na iliyotuma mwisho.